Jengo la Pwani Halivai Koti

SWALI: "Mimi ni ofisa milki wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tuna jengo la ghorofa 6 lililojengwa mwaka 1974, la nguzo za zege na kuta za tofali za saruji. Kwa sababu ya umbo la kiwanja, pande zake ndefu zinatazama mashariki na magharibi. Vikinga jua vya zege vya upande wa magharibi vilianza kumeguka, tukavibomoa miaka ya 1990. Madirisha ya luva tukayatoa, tukaweka ya alminiamu ya kuslaidi. Leo tuna viyoyozi 94, bili ya umeme haishikiki, na madarasa ya ghorofa ya juu hayakaliki mwezi wa Februari. Mkandarasi mmoja ametuletea mchoro wa kulivika jengo lote paneli za alminiamu na vioo vya bluu visivyofunguka. Anasema umeme utapungua kwa asilimia 40. Bodi imeipenda picha. Je, tukubali? Na fedha zisipotosha kwa jengo zima, tuanze na nini?"

JIBU: Ndugu yangu, msisaini bado. Jengo lenu linahitaji ngozi mpya, tena upande mmoja unaihitaji kwa haraka. Ila mlichochorewa ni koti, na jengo lenyewe linakaa Dar es Salaam. Nitakuandikia kwa kirefu, maana ukienda mbele ya bodi na "hapana" tupu mkononi, ile picha ya bluu itakushinda.

Koti hili lina kwao. Katika nchi za baridi, majengo mengi ya vyuo ya miaka ya 1960 na 1970 yamevalishwa upya, na kwa sababu nzuri. Arts Tower ya Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, jengo la miaka ya 1960, ilibadilishiwa ngozi yake ya vioo katika ukarabati uliokamilika 2011. Kule adui ni joto la ndani linalotoroka. Nje nyuzi 0, ndani nyuzi 20, miezi kwa miezi. Ukiziba nyufa na kuongeza kihami joto, bili inashuka na kila mtu anaiona.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Februari, mchana wa Dar es Salaam, nje ni nyuzi 32 hivi. Ndani mmeweka kiyoyozi nyuzi 25. Tofauti ni 7. Ukuta wenu wa tofali za saruji uliopigwa lipu pande zote mbili unapitisha takribani wati 2.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha kwa 7 upate wati 19, hata balbu mbili za LED hazifiki. Hicho ndicho ambacho koti lingekuja kuzuia.

Geukia dirisha la magharibi. Saa 10 jioni, siku isiyo na mawingu, jua linaloupiga ukuta uliosimama linafika kama wati 600 kwa mita ya mraba. Kioo cha kawaida kinaruhusu kama asilimia 80 kuingia: wati 480. Mtu aliyekaa kimya darasani anatoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya kioo kile kisicho na kivuli ni kama wanafunzi karibu watano walioingia bila kulipa ada, wakakaa, wakaanza kuhema. Hukunitajia eneo la vioo, basi tuseme upande wa magharibi una mita za mraba 300, ambazo si nyingi kwa ghorofa 6. Hapo mnapokea kilowati 144 za joto. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa kilowati 3.5. Gawanya: viyoyozi 41 kati ya 94 vyenu jioni ile havimpoozi mwanafunzi hata mmoja. Vinapigana na jua tu.

Nimesema ukuta hauna neno, lakini nisikudanganye. Ukuta wenye rangi nzito ukichomwa na jua mchana kutwa uso wake unapanda mbali sana kuliko hewa, na hesabu ya nyuzi 7 inaharibika. Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko zote nitakazotaja hapa: rangi nyeupe ya nje, nzuri, inayooshwa. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea hunywa asilimia 80 hadi 90 ya jua. Nyeupe iliyo safi hurudisha zaidi ya asilimia 70. Wazee wa Mji Mkongwe walipaka chokaa kila mwaka, na haikuwa kwa ajili ya Idi peke yake.

Hicho kioo cha bluu, je? Kinapunguza jua linalopita moja kwa moja, hilo ni kweli. Ila sehemu ya jua lile kinalinywa chenyewe, kinakuwa cha moto, kisha kinawapigia joto waliokaa karibu nacho. Niliwahi kuingia maktaba ya chuo kimoja, sikitaji, yenye vioo vya namna hiyo upande wa machweo. Ilikuwa saa 11 kasorobo. Nilipoelekeza kipimajoto cha miale kwenye kioo, kikasoma nyuzi 47. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma nyuzi 18, na binti aliyekaa mita moja kutoka dirishani alikuwa amejifunga mtandio mabegani kwa baridi ya kiyoyozi huku shavu moja linang'aa jasho. Taa zote zilikuwa zinawaka, jua likiwa bado juu, kwa sababu kioo kilikuwa kimeiba mwanga kuliko kilivyozuia joto. Mapazia mazito yalikuwa yameshushwa pia. Pazia la ndani ni askari anayefunga geti mwizi akiwa ameshaingia sebuleni: joto likishavuka kioo limeingia, haijalishi limeangukia nguo au meza.

Kivuli kinatakiwa kikae nje, kabla ya kioo. Na hapa ndipo nawasikitikia wabunifu wa jengo lenu la 1974, ambao siwajui, lakini walijua wanachofanya. Pita Mlimani uyaangalie majengo ya miaka ya 1960 ya chuo kile, kazi ya kampuni ya wasanifu ya Norman & Dawbarn, au zungukia kazi za msanifu Anthony Almeida hapa mjini. Kizazi kile kilichora jua kwanza, jengo baadaye. Vile vikinga jua vya zege mlivyobomoa ndivyo vilivyokuwa mtambo wenu wa kupoozea, usio na bili wala fundi. Mpini wa mwavuli ulioza, mkatupa mwavuli, mkanunua viyoyozi 94.

Tatizo la magharibi ni kwamba jua linakuja chini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Dirisha linalotazama kaskazini hupigwa zaidi Juni, na adhuhuri ya Juni jua liko juu nyuzi 60; kwa dirisha la kimo cha mita 1.5, kibaraza cha sentimita 87 juu yake kinatosha. Dirisha la kusini hupigwa Desemba, jua likiwa juu zaidi, na adhuhuri sentimita 45 zinatosha. Lakini magharibi, mwezi Machi, saa 10 jioni jua liko nyuzi 37 hivi tu kutoka upeo, na kibaraza kingepaswa kuchomoza kama mita 2. Saa 11, zaidi ya mita 3.5. Hakuna mtu anayejenga hivyo. Ndiyo maana mkandarasi akikuletea "kofia" ndogo za alminiamu juu ya kila dirisha la magharibi, mrudishie.

Magharibi panataka mapezi: mbao za alminiamu zilizosimama wima, zimegeuzwa, zimefungwa kwenye fremu inayokaa mbali na ukuta. Zigeuzwe upande gani? Swali hili naliulizwa kila mara, na kwa latitudo yetu jibu lake ni zuri. Kuanzia Oktoba hadi Machi, miezi ya joto, jua la jioni liko magharibi na kusini-magharibi. Juni na Julai, miezi ya ubaridi, liko kaskazini-magharibi. Basi mapezi yafunge kusini na midomo yake itazame kaskazini. Yakikaa kwa pembe ya nyuzi 45, pezi la upana wa sentimita 30 likiwekwa kila baada ya sentimita 20, jua la magharibi kabisa halipiti, la kusini-magharibi ndiyo kabisa, na aliyeko ndani bado anaona mti na mawingu upande wa kaskazini. Julai mtaingiliwa na jua kidogo. Mvumilie, ni Julai.

Mashariki ni nafuu zaidi. Jua la asubuhi linakuta jengo limepoa usiku kucha, na ifikapo saa 4 limeshapanda. Mapezi ya kulala, membamba, kama luva kubwa za nje, yanatosha. Yasizibe, kwa sababu upande huo ndio pua ya jengo.

Nasema pua kwa kuwa pwani yetu ina bahati ya pepo mbili ambazo hata mtoto wa Feri anazijua: kaskazi inavuma toka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kusi toka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Zote mbili, pamoja na upepo wa bahari wa mchana, zinakuta uso wenu wa mashariki. Yaani kiwanja kilichowaletea jua baya ndicho kilichowapa upepo mzuri. Hewa iingie mashariki, ivuke korido, itokee magharibi nyuma ya mapezi. Hiyo njia ilikuwepo, naamini. Nenda kaangalie juu ya milango ya madarasa: majengo ya umri ule kwa kawaida yana matundu au luva juu ya mlango, yanayovusha hewa koridoni. Nakubashiria yenu yamezibwa kwa plaiwudi siku viyoyozi vilipoingia. Kuyafungua ni kazi ya seremala mmoja na wiki moja.

Madirisha ya kuslaidi nayo yamewaponza. Likifunguliwa lote, dirisha la kuslaidi ni nusu dirisha. Kipande kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Luva zilikuwa zinafunguka karibu zote, ingawa kweli zilikuwa zinavuja, zinajaa vumbi, na ukiwasha kiyoyozi baridi yote inatoroka. Kwa vyumba vya kufundishia, ningeweka madirisha yenye bawaba juu, yanayosukumwa nje: mvua ya masika ikija na upepo, unaacha wazi na meza hazilowi. Mkiweka wavu wa mbu, na lazima muweke, ongezeni eneo la dirisha, kwa kuwa wavu unakula upepo.

Halafu pangaboi. Watu wanaidharau, lakini hewa inayokwenda mita 1 kwa sekunde juu ya ngozi yenye jasho humfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka takribani nyuzi 3. Feni ya kawaida ya dari hula wati 70 hivi. Kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 hula kama wati 1,100, sawa na feni 15. Darasa lenye kivuli cha nje, upepo na pangaboi nne litakalika miezi mingi ya mwaka bila kiyoyozi. Sisemi Februari saa 9 alasiri wanafunzi 80 wamebanana. Siku hiyo washeni. Wala sisemi chumba cha seva, maabara ya kompyuta au hifadhi ya nyaraka: vikusanyeni vyumba hivyo pamoja, vizibeni sawasawa, viwekewe viyoyozi vyake vizuri. Mwenzangu mmoja wa Nairobi hupenda kunitajia ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilizofunguliwa 2011, zinazotumia hewa ya asili badala ya viyoyozi. Namjibu kila mara kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Angehamisha jengo hilo Upanga angeandika barua ya kujiuzulu. Hewa yetu ina unyevu na lazima tuukubali.

Jengo lisilofunguka linataka kiyoyozi hata asubuhi ya Julai, nje kukiwa na nyuzi 22 na upepo wa bure. Umeme ukikatika, dakika 20 baadaye mnatoa watu nje, au mnawasha jenereta kubwa. Mwulizeni mkandarasi kama gharama ya dizeli imo kwenye ile asilimia 40.

Kuhusu asilimia 40 yenyewe, swali ni moja: 40 ya nini? Ukitoa viyoyozi 94 vya kuokoteza, vya umri tofauti, ukaweka mtambo mpya, umeme unaweza kushuka hata kama ngozi mpya ni mbovu. Mtake atenganishe: kiasi gani kinatoka kwenye ngozi, kiasi gani kwenye mitambo, kiasi gani kwenye taa. Mtake namba ya kioo, sehemu ya joto la jua inayopita, kwa cheti cha kiwanda. Mtake hesabu ya saa kwa saa iliyotumia hali ya hewa ya Dar es Salaam, siyo ya mji wa kioo kilikotengenezwa. Na ninyi wekeni mita ndogo ya umeme kwenye jengo hilo mwezi huu. Vyuo vingi nilivyovitembelea vina mita moja ya TANESCO kwa eneo zima, kwa hiyo baada ya ukarabati hakuna anayeweza kuthibitisha lolote, na kila mtu anadai ushindi. Mita hiyo iwaonyeshe pia kilele cha matumizi cha saa 9 hadi 11 jioni, kwa maana mteja mkubwa hutozwa kwa kilele hicho pia, na kilele chenu ndicho jua la magharibi.

Sasa tuje kwenye zege, na hapa naomba usinisome haraka. Umesema vikinga jua vilikuwa vinameguka. Zege halimeguki kwa uzee tu. Nondo zimeshika kutu ndani, kutu inavimba, inalisukuma zege nje. Pwani hii chumvi ya hewani inaharakisha, na baadhi ya majengo ya zamani yalichanganyiwa mchanga wa baharini. Kama vikinga viliugua, nguzo na mihimili ya ukingo zilizokuwa nyuma yake zimepumua hewa ile ile kwa miaka zaidi ya 50. Kuzifunika kwa paneli zinazong'aa bila kuzipima ni kufunga kidonda kibichi kwa kitambaa safi.

Kipimo cha kwanza ni rahisi na ni kizuri kukiangalia. Fundi anamegua zege kidogo kwenye kona ya nguzo, anapangusa vumbi, anapulizia dawa iitwayo fenolftaleini. Zege lenye afya linageuka hapo hapo rangi ya juisi ya rozela. Palipobaki kijivu, zege limeshapoteza ule ukali unaoilinda nondo. Unapima kwa rula: kama kijivu kimeingia sentimita 1 na nondo iko sentimita 3 ndani, mna muda. Kama kijivu kimeifikia nondo, kazi yenu ya kwanza ni kutibu zege, na bajeti ya urembo isubiri. Ongezeni kipimo cha chumvi, kinachofanywa maabara kwa unga wa zege uliotobolewa. Msisahau pia kuvuta bolti: kabla ya kuning'iniza fremu yoyote kwenye zege lile, mhandisi achague sehemu kadhaa, afunge bolti, azivute kwa mashine mpaka ajue zinashika kiasi gani. Katalogi ya bolti iliandikwa kwa zege jipya.

Naongea kwa uchungu kuhusu kutu kwa sababu nimewahi kukosea mwenyewe. Kijana, na cheti changu kipya, nilichora mapezi ya alminiamu kwenye jengo linaloiona bahari, nikaruhusu mabano ya chuma yaliyozamishwa kwenye zinki ili kuokoa fedha. Kwenye hewa ya chumvi zinki inaliwa, kisha chuma kinashika kutu na alminiamu inayokigusa inatafunwa. Mwaka wa tatu ukuta mweupe ulikuwa na michirizi ya kahawia kutoka kila bano, kama jengo linalia. Tulibadilisha yote. Tangu hapo naandika chuma kisichoshika kutu daraja la 316 kwa mabano na bolti zote, na washa za nailoni kila metali mbili zinapokutana, na sikubali kubadilishiwa kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na bei ya mkandarasi.

Moto. Zile paneli za alminiamu ambazo mafundi wetu huziita zote kwa jina la kampuni moja, hata zikiwa za nyingine, ni mabati mawili membamba na kitu katikati. Hicho cha katikati ndicho kila kitu. Jengo la Grenfell, ghorofa 24 za makazi magharibi mwa London, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na likavalishwa upya katika ukarabati uliomalizika 2016, ili lihifadhi joto na lipendeze. Usiku wa 14 Juni 2017 moto ulioanzia jikoni kwenye nyumba moja ulitoka dirishani, ukashika paneli zenye polietilini katikati, ukapanda mpaka juu. Watu 72 walikufa. Polietilini ni plastiki, ikiwaka inadondosha matone ya moto, na ile nafasi kati ya paneli na ukuta inakuwa bomba la moshi.

Kwa nje, paneli ya plastiki na paneli ya madini zinafanana kama mapacha. Kama mahali popote mtatumia paneli, dai daraja A2 au A1 kwa kipimo cha moto cha Ulaya, EN 13501, cheti cha bidhaa ile ile inayoshushwa kwenye lori, na ukate kipande kimoja kutoka kila shehena uone katikati yake. Kihami kikitumika kiwe pamba ya mwamba, siyo polistirini. Vizuizi vya moto viwekwe kwenye ile nafasi kila ghorofa. Mchoro uende Zimamoto kabla ya zabuni, usiende baada. Mapezi matupu ya alminiamu yasiyo na plastiki yoyote hayana balaa hili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuyapenda.

Ghorofa ya juu ina kesi yake peke yake, na ngozi ya pembeni haitaitatua. Karibu na ikweta, paa ndilo uso unaopigwa kuliko wote: adhuhuri angavu jua linakaribia wati 1,000 kwa mita ya mraba, na zege bapa lililopakwa lami nyeusi linalimeza karibu lote, kisha usiku kucha linalitema ndani. Watu wa Lamu walishalimaliza jambo hili zamani: juu ya dari ya mawe waliinua paa la makuti lenye uwazi pembeni, upepo ukapita katikati. Fanyeni hivyo hivyo kwa mabati meupe au ya rangi ya maziwa, yakiinuliwa walau nusu mita, pande zote wazi. Mhandisi athibitishe namna ya kuyafunga yasing'olewe na upepo. Mkipata fedha za paneli za sola baadaye, fremu yake mnayo tayari. Kama hata hayo hayawezekani mwaka huu, tengenezeni uvujaji kisha pakeni rangi nyeupe ya paa.

Kwa hiyo, fedha zisipotosha: vipimo vya zege na mita ya umeme mara moja, hivyo havisubiri bodi. Matibabu ya zege linaloweza kumwangukia mtu, hata kabla ya kitu kingine chochote, na uzio chini ya ukuta huo leo. Kisha paa. Kisha mapezi ya magharibi, ghorofa zote kwa pamoja, kwa sababu jukwaa la kazini ni ghali na hamtaki kulikodi mara mbili. Matundu ya milango na pangaboi vinaweza kwenda sambamba kwa fedha za matengenezo ya kawaida. Madirisha ya mashariki yafuate mwaka unaofuata. Viyoyozi mnunue mwisho, na hapo mtashangaa mnahitaji vichache na vidogo kiasi gani. Mkivinunua mwanzo mtanunua vya jengo la zamani. Kazi za nje zipangwe likizo ndefu, Julai hadi mwanzo wa Oktoba, katikati ya masika na vuli, ingawa kusi itawasumbua mkiinua fremu juu.

Huenda bodi itauliza wanafunzi watahamia wapi wakati wa kazi. Hilo halinipi shida. Kule Paris, jengo la makazi la Tour Bois le Prêtre liliongezewa vyumba vya jua na vibaraza kuzunguka lote, kazi ya wasanifu Lacaton na Vassal pamoja na Frédéric Druot iliyokamilika 2011, wenyeji wakiendelea kukaa humo. Lacaton na Vassal walipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu, mwaka 2021, na sehemu kubwa ya sifa yao ni kukataa kubomoa. Kinachofungwa nje kikiwa kimetengenezwa karakana, chumba kinapoteza siku chache tu.

Tahadhari moja kuhusu vitu vya 1974: mabati au mbao za saruji chini ya madirisha, na mabomba ya moshi, huenda vina asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Asikate mtu kwa grenda hapo. Vipimwe, na kama vinayo viondolewe vikiwa vimeloweshwa, na watu wenye vifaa, vikafukiwe panaporuhusiwa.

Mwisho ni nafasi nyuma ya mapezi. Mkandarasi atataka sentimita 15 ili aokoe mabano. Mpeni 60. Mtu apite hapo kwenye njia ya wavu wa chuma, kila ghorofa iwe na mlango wa kutokea, na mashine za nje za viyoyozi zikae hapo zikipumua badala ya kubanwa zikanywa joto lao wenyewe. Mapezi yatashika chumvi na vumbi. Lazima yaoshwe kwa maji matamu mara mbili kwa mwaka, na anayeosha anahitaji pa kusimama. Halafu kuna kunguru. Sentimita 15 zile ni kiota kilichochongwa kwa kipimo chao. Zibeni ncha za juu na chini kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya sentimita 2, kabla jukwaa halijashushwa, maana wao wataanza kuleta vijiti wiki hiyo hiyo.